Jina Lako Ukutani

Walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, shikamooni. Wadogo zangu, poleni na joto.

Nilipoalikwa kuja kuzungumzia kazi ya famasi ughaibuni nilijua mtakachouliza, maana ndicho nilichouliza mimi mwenyewe mwaka 2011: kunalipa kiasi gani, na njia inaanzia wapi? Njia nitawaeleza. Ila kuna jambo nimekaa nalo moyoni miaka yote hii, na siwezi kulisema kabla sijakiri kosa langu mbele ya walimu walionifundisha.

Nilihitimu hapa Muhimbili mwaka 2008, nikamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, nikasajiliwa. Nikapata kazi hospitalini, mshahara ukawa haufiki mwisho wa mwezi. Akanitafuta bwana mmoja mwenye famasi kule Mbagala. Hakutaka niende kazini. Alitaka cheti changu cha usajili akitundike ukutani ili duka lake lipite ukaguzi. Kila mwisho wa mwezi alinitumia hela kwa simu. Cheti kikakaa kwake mwaka mmoja na nusu, ndani ya fremu nyeusi, juu ya kaunta. Katika muda wote huo mimi nilikanyaga pale mara nne.

Dawa ziliuzwa. Watu walichomwa sindano pale, antibiotiki zikatolewa nusu dozi kwa aliyekuwa na nusu ya hela. Yote hayo kwa jina langu. Ni nani walizimeza, na ziliwafanya nini, sijui mpaka leo. Sikulala vibaya hata usiku mmoja wakati ule. Ndiyo sehemu inayoniuma zaidi.

Kisha nikaenda Uingereza, na siku yangu ya kwanza kama mfamasia aliyesajiliwa kule, mwaka 2014, nilikabidhiwa kibao kidogo cha plastiki. Kiliandikwa jina langu na namba yangu ya usajili, na maneno ya kuwaambia wateja kwamba kwa wakati ule mimi ndiye niliyeshika dhamana ya famasi ile. Nikaambiwa nikitundike mahali kila anayeingia atakiona. Ndiyo kanuni ya mfamasia mwenye dhamana, iliyoanza kutumika kule Oktoba 2009. Famasi haiwezi kufanya kazi zake bila mtu huyo, na mtu huyo hawezi kushika famasi mbili kwa wakati mmoja. Unaandika kwenye daftari saa uliyoshika na saa uliyoachia, na daftari linatunzwa miaka mitano. Ukitoka, una saa mbili tu katika siku nzima, na huko uliko lazima upatikane.

Nilipokitundika kibao kile mikono ilinitetemeka. Nilikumbuka fremu nyeusi ya Mbagala.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi mnadhani nitasema kule viwango viko juu na hapa viko chini, basi nendeni mkajifunze. Viwango vya kule ni vizuri, nimevisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Lakini kiwango kilichoandikwa na siku ya kazi ni vitu viwili, na mfamasia mgeni ndiye anayewekwa katikati yake. Kule jina lililoko ukutani ni lako. Idadi ya wasaidizi inapangwa na mtu mwingine. Saa za kufungua zinapangwa na mtu mwingine. Malengo ya mwezi yanapangwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuhesabu kidonge. Mambo yakienda kombo, atakayeulizwa kwanza ni aliyeandikwa kwenye kibao.

Niwape mfano wa nilichokikuta. Serikali ilikuwa inazilipa famasi za England kwa huduma iliyokuwa ikiitwa MUR: unamkalisha mgonjwa kwenye chumba cha faragha, mnapitia dawa zake zote, unamuuliza anavyozimeza, nini kinamsumbua. Huduma nzuri kabisa, natamani tungekuwa nayo hapa. Malipo yalikuwa paundi 28 kwa mgonjwa mmoja, na kila famasi iliruhusiwa kulipwa kwa wagonjwa wasiozidi 400 kwa mwaka. Mmeona palipo na mtego? Serikali iliweka 400 kama kikomo cha juu. Waajiri wengi wakaigeuza ikawa lengo. Meneja wa kanda alinipigia simu saa tano asubuhi kuuliza nimefanya wangapi, akapiga tena saa tisa. Mgonjwa anayemeza dawa mbili nyepesi tu alikuwa na thamani sawa na bibi anayemeza warfarini, dawa ya hatari ya kuzuia damu kuganda, na dawa nyingine kumi na moja, na yule wa kwanza anamalizika haraka. Huduma ile ilifutwa mwaka 2021. Tabia ya kupiga simu haikufutwa nayo.

Msifikiri ni roho mbaya tu ya mameneja. Mkataba wa miaka mitano kati ya serikali na famasi za England, kuanzia 2019 hadi 2024, uliweka fungu lile lile la paundi bilioni 2.592 kila mwaka, bila kuongezwa, huku mishahara, umeme na bei za dawa vikipanda. Wakati huo huo famasi zinatoa dawa zaidi ya bilioni moja kwa mwaka. Pengo lile lilifunga milango. Mwaka 2023 LloydsPharmacy, moja ya minyororo mikubwa kabisa ya famasi nchini humo, iliuza au kufunga matawi yake. Tawi likifungwa, wagonjwa wake hawafungwi. Wanahamia kwako, na wasaidizi unabaki na wale wale.

Na mwezi Januari 2024 kazi ikaongezeka tena, safari hii kwa jambo ambalo mimi naliona la heshima: mfamasia wa England anaweza kumtibu mgonjwa moja kwa moja, bila daktari, kwa maradhi saba kama vile koo, mkanda wa jeshi, na maambukizi ya njia ya mkojo kwa wanawake wa umri wa miaka 16 hadi 64. Unampima, unauliza dalili za hatari, unatoa antibiotiki kwa mwongozo maalumu au unakataa kutoa. Ndiyo famasi niliyoiota nikiwa darasani. Lakini mnaelewa maana yake: dakika 15 chumbani na mgonjwa mmoja, huku vikapu vya dawa ambazo hakuna mwingine wa kuzihakiki vinapangana kwenye kaunta.

Nirudi nyuma, Jumamosi moja ya mwaka 2015. Mji mdogo katikati ya England. Msaidizi mmoja alipiga simu kwamba anaumwa, nikabaki na binti mmoja aliyekuwa na wiki tatu kazini. Foleni imefika mlangoni. Kijana wa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, anasubiri kunywa dozi yake mbele yangu, kama wanavyofanya wagonjwa wa kliniki iliyofunguliwa hapa Muhimbili mwaka 2011. Simu inalia. Ni meneja, anauliza mapitio ya leo ni mangapi. Tangu saa tatu asubuhi sikuwa nimekaa. Sheria ya kazi ya kule inampa anayefanya kazi zaidi ya saa sita mapumziko ya dakika 20, lakini ukiwa mfamasia pekee, ukipumzika watu wanakutazama kupitia kioo.

Jumatatu akaja mama mtu mzima na binti yake. Mama yule alikuwa mgonjwa wa presha. Cheti cha daktari kilisema amlodipini, miligramu 10. Kwenye mfuko wake nilikuwa nimemwekea amitriptilini, miligramu 10, dawa tofauti kabisa inayoleta usingizi. Herufi za mwanzo zile zile, namba ile ile, maboksi yanapakana kwenye shelfu. Alikuwa amemeza vidonge viwili, cha Jumamosi na cha Jumapili, akashinda analala kutwa nzima mpaka bintiye akashtuka.

Nilimwingiza kwenye chumba cha faragha, nikamweleza nilichokosea, nikamwomba radhi, nikampigia daktari wake mbele yake. Yule mama alinishika mkono akaniambia naonekana nimechoka. Mimi ndiye niliyemkosea, na yeye ndiye aliyenipa pole.

Jioni niliandika taarifa ya tukio. Nikaandika dawa, saa, nani alipanga na nani alihakiki, kisha aya moja: siku hiyo tulikuwa wawili badala ya watatu, na simu ya malengo ilipigwa mara tatu. Meneja akaniomba niiondoe aya hiyo. Alisema taarifa ni ya kosa la mfamasia, mambo ya ratiba ya wafanyakazi yana mahali pake.

Hapo lazima niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu hakimo kwenye kitabu chochote cha maadili. Viza yangu ilidhaminiwa na mwajiri yule yule. Mwajiri akikuachisha au ukiacha kazi, mara nyingi unapewa siku 60 za kupata mwajiri mwingine wa kukudhamini au kuondoka nchini. Usiku ule nilizihesabu siku 60 kwenye kalenda ya jikoni. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mfamasia mwenyeji aliyechoshwa na kampuni huacha kazi Ijumaa, na Jumatatu anafanya zamu za kujitegemea kwenye famasi nyingine, wale wanaowaita lokamu. Wewe mwenye viza ya kudhaminiwa mlango huo huna. Mameneja wanalijua hilo. Wengine ni waungwana hawalitumii. Wengine hawahitaji hata kulitaja, linakaa mezani lenyewe.

Kilichoniokoa ni kusoma. Baraza linalowasajili wafamasia wa England, Scotland na Wales, GPhC, leo lina viwango tisa kwa ajili yako wewe mfamasia, na kimojawapo kinakutaka useme unapoona hatari au mambo yanapokwenda vibaya. Hicho wote wanakijua. Wengi hawajui kwamba baraza hilo hilo lina viwango vya famasi yenyewe, vinavyomfunga mwenye duka. Humo imeandikwa kuwa lazima kuwe na wafanyakazi wa kutosha wenye ujuzi, na kwamba malengo na motisha za biashara zisihatarishe afya ya wagonjwa wala uamuzi wa kitaaluma wa wafanyakazi. Nilivichapisha vifungu hivyo, nikavibandika nyuma ya mlango wa stoo. Aya yangu sikuiondoa.

Jumamosi iliyofuata tukawa wawili tena. Simu ikalia. Nikamwambia meneja kwa adabu kabisa: naomba uniandikie kwa barua pepe kwamba unaniagiza niache kuhakiki dawa za watu walio kwenye foleni ili nifanye mapitio, nami nitaitunza pamoja na daftari la leo. Akanyamaza. Akasema tutaongea Jumatatu. Barua ile haikuandikwa, na baada ya wiki mbili nikaletewa msaidizi wa tatu. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Najua kwamba neno "niandikie" lina nguvu kuliko kelele, nawaomba mlibebe.

Na chama je? Jiungeni. Hapa tumezoea kuona chama cha wafanyakazi kama makato ya mshahara. Kule kuna PDA, ambacho ni chama cha kuwatetea wafamasia na pia kina bima ya makosa ya kazini. Mimi niliingia nikiwa nimechelewa, baada ya tukio la amitriptilini, na mwanasheria wao ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kuwa aya yangu ilikuwa sahihi.

Mnajua kwa nini wafamasia wa kule wanaogopa kosa kiasi hicho? Mwaka 2009 mfamasia mmoja wa England alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu, kilichoahirishwa, kwa kosa la kutoa dawa: propranololi mahali pa prednisoloni, dawa mbili tofauti kabisa. Sheria ya dawa ya mwaka 1968 haikuuliza kama ulikusudia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilifuta kifungo, ikaweka faini, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Wafamasia walipigania jambo hilo mpaka Aprili 2018, sheria ilipompa kinga mfamasia wa famasi iliyosajiliwa aliyekosea kwa bahati mbaya akiwa anafanya kazi yake kitaalamu. Kinga hiyo haimfuniki aliyeficha kosa baada ya kulijua. Kwa hiyo siku meneja atakapokwambia ulimalize kimyakimya, anakuvua nguo pekee uliyonayo.

Njia sasa, kwa kifupi. Kwa Uingereza, digrii yako ya hapa haikusajili moja kwa moja. Unahitaji Kiingereza cha IELTS, alama 7 katika kila sehemu, kwenye mtihani mmoja. Kisha kozi ya mwaka mmoja inayoitwa OSPAP katika vyuo vichache vinavyoitoa, kisha wiki 52 za mafunzo kazini, kisha mtihani wa usajili: maswali 40 ya mahesabu, na sehemu ya pili maswali 120. Una nafasi tatu tu maishani. Tangu mafunzo yaliyoanza 2025, anayesajiliwa anatoka akiwa na uwezo wa kuandika dawa mwenyewe, kwa hiyo usimamizi ni mkali zaidi. Ada unalipa mwenyewe, ni nyingi, na ukikopa ukoo mzima ili uende utafika kule huna ujasiri wa kumwambia mtu yeyote hapana. Deni ni meneja wa pili.

Mawakala. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania ikiwemo. Kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya zinawakataza waajiri na mawakala wao kuja kuwafuata watu katika nchi hizo. Wewe mwenyewe ukiomba kazi kwa hiari yako, hakuna anayekuzuia. Lakini anayekuja hotelini hapa mjini na fomu, akitaka milioni kadhaa za kukutafutia kazi Uingereza, amevunja kanuni hizo, na sheria ya kule hairuhusu wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Mkatalieni.

Ghuba sitaisema sana, sijafanya kazi huko. Wenzangu wa darasa walioko Muscat na Dubai wananiambia njia ni fupi: uhakiki wa vyeti kupitia kampuni ya DataFlow, mtihani wa kompyuta, leseni. Ila leseni hufungwa kwenye kituo unachofanyia kazi, na huko nako swali ni lile lile: ukitaka kuondoka, unaondokaje? Mjue tu kwamba tangu Januari 2021 Oman imelegeza sharti la barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani kwa aliyemaliza mkataba wake. Na pasipoti yako ni yako. Mwajiri akitaka kukutunzia, mwambie una begi.

Mtakapopata barua ya kazi, popote pale, msianze na mshahara. Ulizeni Jumamosi tunakuwa watu wangapi. Ulizeni mfamasia aliyekuwepo kabla yangu aliondoka lini na kwa nini, na kama naweza kuongea naye. Ulizeni nikiacha kazi kabla ya miaka miwili nitadaiwa kiasi gani. Nimewahi kumsomea mdogo wetu mmoja mkataba uliomtaka alipe gharama zote za viza na mafunzo akiondoka, bila kupungua hata senti kadiri miezi inavyopita. Alikuwa ameshausaini. Leteni mikataba kabla ya kusaini, nitakuwa hapa mpaka Ijumaa, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.

Na mazoezi yaanze hapa hapa. Mtu anakuja Kariakoo anataka antibiotiki ya azithromaisini bila cheti cha daktari, ana hela mkononi, tajiri wa duka anakukodolea macho. Hapana utakayoisema pale ndiyo ile ile utakayoisema kule kwenye simu ya saa tisa. Mimi nilikwenda bila kuwahi kuisema, nikaja kujifunza juu ya mwili wa mama wa watu.

Juzi nilipanda daladala nikaenda Mbagala. Famasi ile bado ipo, imepakwa rangi mpya. Ukutani kuna cheti kingine, fremu ni ile ile nyeusi. Nikamwamkia binti aliyekuwa kaunta, nikauliza kama mfamasia yupo. Akasema, "Ametoka kidogo, kaka." Nikakaa kwenye benchi la nje kumsubiri. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Watu waliingia na kutoka na vifuko vyao. Ilipofika saa mbili usiku wakafunga.

Jina nililisoma, na mwaka wa usajili ni wa karibuni sana. Sitalitaja. Kama mwenye cheti kile yumo humu ndani leo, tafadhali nisubiri nje baada ya kikao, pale kwenye mwembe. Sina ugomvi na wewe. Nitakusindikiza kesho asubuhi, twende tukakiteremshe.